Fedha Iliyobaki Mikunjoni

Kucha zangu zimeanza kurudi rangi yake. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye ile meza ya dirishani zilikuwa na kijani cha kutu ya shaba ambacho hakuna sabuni iliyokiweza, na kila nilipopanda metro nilificha mikono ndani ya mkoba kama mtu aliyeiba. Sasa nimestaafu, kijani kinasogea mbele kadiri kucha inavyoota, na nikikata nakitupa. Kabla sijakimaliza nimeona niwaandikie nyinyi mliobaki mezani, Njeri na wenzako, maana siku ya kuniaga mlinikatia keki mkanitaka hotuba, nami nikalia badala ya kusema.

Habari za mshahara na vyeo hamtazikuta humu. Mshahara ulikuja ukaondoka, na cheo changu kwenye kitambulisho cha kazi kilibaki kuwa msafishaji tangu mwanzo hadi mwisho. Kilinifaa sana. Msafishaji haitwi kwenye vikao.

Nilikuja Dubai kutoka Muheza kufanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Al Garhoud, jirani na uwanja wa ndege, nikilala kwenye mabweni ya kampuni kule Muhaisnah. Mashuka ya hoteli yalinifundisha jambo moja kubwa: doa halina haraka, mwenye haraka ni wewe. Siku za mapumziko tulikuwa na misa ya Kiswahili, na baada ya misa moja jumuiya yetu ilikuwa ikipika ubwabwa, mimi nimekaa chini na ungo nachambua mchele. Akaja mzee mfupi mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe, akanikodolea macho. Nilidhani ni Mhindi aliyepotea njia. Akafungua kinywa, kikatoka Kiunguja kitupu.

"Wenzio wanatoa mawe," akasema. "Wewe unatoa mawe na chuya pia, tena hata huangalii sana. Nani kakufundisha?"

"Mama," nikamjibu. "Alikuwa na kofi jepesi."

Huyo ndiye Mzee Kaitano, Mgoa aliyezaliwa Unguja, mtoto wa sonara, aliyekuja Dubai akiwa kijana na asirudi tena. Alikuwa fundi wa kusafisha sarafu za kale katika duka la arbab wetu, yaani tajiri wetu, kule Deira, na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akaenda kumwambia arbab kwamba amempata mtu. Arbab akazungumza na hoteli, karatasi za kafeel, mdhamini wa kibali changu, zikabadilishwa, khalas, nikawa mtu wa sarafu. Mchele ndio ulionipa kazi, na mpaka leo siwezi kuupika bila kuuheshimu.

Siku ya kwanza sikugusa kitu. Mzee Kaitano aliweka sarafu moja chini ya darubini, akanikalisha, akasema, "Tazama. Usiguse." Akaenda zake kunywa chai. Niliitazama mpaka shingo ikanikamaa. Aliporudi akaniuliza nimeona nini.

"Mwanamume mwenye kidevu kirefu," nikasema, "na miba kichwani."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Miba hiyo ni miale ya jua, mwanangu. Huyo ni mfalme wa Roma, amevaa taji. Na hiyo unayoidhani ni fedha, si fedha."

Ndipo akanieleza habari ambayo nami nimewaeleza nyinyi mara nyingi hata mkanipa jina la kunitania. Nairudia kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Katika karne ya tatu dola ya Kirumi ilipata msiba juu ya msiba. Maadui walipiga hodi kila mpaka, tauni ilitembea, wafalme waliuawa na askari wao wenyewe kabla hawajazoea kiti, na mmoja wao alitekwa vitani akiwa hai, asirudi tena. Askari lazima walipwe, na fedha haitoshi. Basi karakana ya serikali ikafanya anachofanya mama mwenye wageni wengi na mchuzi mdogo: ikaongeza maji. Kila mwaka shaba ilizidi na fedha ikapungua, hadi sarafu ikawa shaba yenye ngozi ya fedha, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ikitoka karakanani inang'aa kama bi harusi. Ikishapita mikono ya wauza samaki na wauza mafuta, ngozi inatoka, na kila mtu anaona kilichomo.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Mzee Kaitano alipenda kusema, kisha akainua kidole. "Lakini siku hizo kizuri kilijificha! Mwenye sarafu nzuri ya babu yake aliifukia chini ya kitanda. Mbaya ndiyo iliyotembea sokoni. Na ndiyo iliyotufikia sisi, kwa maelfu. Ukiona shida ya watu wa kale, jua ndiyo riziki yako."

Zana zetu mnazijua, ila hamjui zilivyopatikana. Darubini ilinunuliwa na arbab. Maji yalikuwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, nami ndiye niliyekuwa nikiyafuata gereji, ambako mafundi waliamini nina magari mengi. Brashi laini zilitoka kwa Mzee. Miiba ya nungunungu aliyotumia kuchokoa udongo ilikuwa imevunjika karibu yote, basi nilipokwenda likizo ya kwanza Muheza nikarudi na miiba ya mndimu kwenye kopo la maziwa. Uwanja wa ndege afisa alilifungua, akanitazama, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni vifaa vya kazi. Akalifunga taratibu, akanipisha. Mwiba wa mndimu ni mgumu kuliko udongo na laini kuliko fedha, na hakuna kiwanda ninachokijua kilichotengeneza kitu bora kuliko hicho.

Sheria ya Mzee Kaitano ilikuwa moja. Ukisafisha sarafu za zama zile, unaondoa udongo, huondoi wakati. Ukiona weusi, uache. Chini ya weusi kuna ngozi, na chini ya ngozi hakuna kitu cha kujivunia. Mtu akitaka king'aacho, aende mtaa wa dhahabu, upo hapo karibu.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, nyingine zilinifanya niote sarafu usingizini. Njeri atakumbuka lile bonge la chungu kizima, lililoletwa likiwa na karatasi zake zote halali, sarafu zimegandana kama kashata. Njeri alikuwa mgeni kazini wakati huo, ametoka Nyeri, na mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko mikono. "Aki Mama Agnesi, hii kitu imekataa! Tuipigeni nyundo kidogo tu!" Tuliliachanisha kwa maji na miiba, kipande kwa kipande, na alipotoa sarafu yake ya kwanza nzima, swala amesimama upande wa nyuma na masikio yote mawili, alipiga kelele hata arbab akadhani kuna moto. Tangu siku hiyo sijawahi kumsikia akiitaja nyundo.

Ikaja pia ile sarafu ya mgeni mmoja wa hoteli, ya mfalme yuleyule wa kidevu kirefu, ya miaka yake ya mwisho, nyeupe, nzito, ya kupendeza. Arbab alikuwa tayari ameagiza kahawa. Mzee Kaitano akaigonga mezani, ikalia kengele safi. Uso ukamwanguka. "Nzuri mno," akasema. "Miaka hiyo mfalme mwenyewe hakuwa na fedha ya namna hii." Ilikuwa ya bandia, imetengenezwa na mtu aliyeshindwa kuamini kwamba serikali inaweza kutoa kitu kibovu kiasi kile. Kumbukeni hilo, vijana. Katika kazi yetu kibovu ndicho cha kweli, na kizuri ndicho cha kuulizwa maswali.

Na sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote, ambayo haikufanyika mezani.

Siku moja aliingia dukani kijana aitwaye Nassor, mtoto wa familia ya Kizanzibari waliokaa hapa miaka mingi, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo uwanja wa ndege. Mchumba wake, Salha, naye wa familia kama hiyo, alikuwa amepita mbele ya kabati letu la kioo akamwona yule swala, na akasema mahari yake anataka sarafu hizo. Si dhahabu. Sarafu saba, mojawapo iwe ya swala. Bei yake ilikuwa ya kibinadamu, na Nassor hakuwa tajiri, kwa hiyo alifurahi kama mtoto. Nilimwambia mbele ya Mzee Kaitano, "Baba, hizi si fedha tupu. Ni shaba yenye ngozi ya fedha. Ni za kweli, lakini kamwambie bi harusi." Akamwambia. Salha akasema ndiyo hasa anazozitaka.

Bi harusi aliambiwa. Shangazi yake hakuambiwa.

Wiki ya harusi Nassor alirudi dukani uso umemkauka. "Mama Agnesi, wallahi, nimekwisha," akasema, akakaa chini bila kukaribishwa. Mahari ilikuwa imepelekwa kwa masinia na vigelegele, ikapokelewa vizuri. Halafu shangazi wa Salha, Bi Shuweikha, kama desturi ya nyumba yao, akazichukua sarafu azing'arishe kabla wanawake wa ukoo hawajaja kuziona. Alizisugua kwa ukwaju na majivu. Zilizoingia bakulini nyeupe zikatoka nyekundu. Nyumba nzima ilikuwa ikisema Nassor ameleta mahari ya bandia, na kama mahari ni bandia, basi na mwenyewe je? Baba yake Salha alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la bibi yake, Bi Zuwena. Naye hakuwa amesema neno lolote.

"Akisema la, ni la," Nassor akasema. "Nilimwambia Salha, 'Tutoroke.' Kaniambia, 'Nimeshonewa nguo tatu, nitoroke niende wapi?'"

Mzee Kaitano aliinuka. Alivaa koti, akatia lenzi yake ya mfukoni ndani ya kitambaa, tukapanda gari la Nassor. Nyumba ya kina Salha ipo Al Garhoud, upande wa nyumba za familia. Tulipita mbele ya hoteli nilikokuwa nikifua mashuka, nami nikatamani kwa dakika moja kurudi kwenye madoa ya kawaida. Mlangoni wanaume wakamkaribisha Mzee majlisi, sebule yao. Akanishika mkono, akanipa lenzi. "Ndani kwa wanawake siingii," akasema. "Nenda na jicho lako. Mchele ni uleule."

Chumba kilikuwa kimejaa kinamama na harufu ya udi. Kila kitu kiling'aa: birika, mrashi, chetezo, hata vijiko vya sukari. Bi Zuwena alikaa kwenye kochi la pembeni, mwembamba, kimya, na bangili mbili za fedha kila mkono. Nilizitazama kwa mazoea ya kazi. Zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Katika nyumba ile yote, zile tu ndizo zilizokuwa nyeusi.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Sikupata nafasi ya kukaa. Bi Shuweikha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alinisogezea sinia. "Wewe ndo fundi wa dukani? Haya njoo utazame mwenyewe! Juzi zilikuwa nyeupe, leo zimekuwa kama senti za mkoloni. Miye nimesugua fedha tangu mtoto mdogo, sijaona fedha ikageuka shaba. N'shasema, kijana katuletea bati."

"Ulizisugua kwa ukwaju, Bi Shuweikha?"

"Kwa ukwaju na majivu, kama kila kitu cha nyumba hii. Ulitaka nizisugue kwa mate?"

Wanawake wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa upande wangu. Salha alikuwa amekaa karibu na bibi yake, macho yamevimba. "Shangazi, aliniambia," akasema. "Nilijua zina fedha kidogo. Miye ndo niliyezitaka."

"Wewe ungeambiwa jiwe ni almasi ungesema naam! Kakulisha maneno, nawe ukameza."

Salha akaichukua simu yake. Akabandua kava, akatoa sarafu iliyokuwa imefichwa nyuma yake, akaiweka kwenye sinia. Alikuwa ni swala. Hakupita kwenye ukwaju hata kidogo, bado alikuwa na ngozi yake ya kijivu na weusi masikioni.

Nikapiga magoti mbele ya sinia, nikashukuru Mungu kwa kuwa kazi yangu yote nimeifanya nimeinama. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Mfalme, maadui, askari wa kulipwa, mchuzi uliozidi maji. Nikasema sarafu hizi hazikughushiwa na mtu, serikali yenyewe ndiyo iliyozitoa namna hii, kwa sababu ilikuwa na shida. Nikamwambia Bi Shuweikha hakukosea kwa ubaya, mikono yake ilikuwa safi mno kwa vitu kama hivi. Hilo lilimpoza kidogo. Lakini niliwaona nyusoni mwao, maneno yangu yalikuwa maneno tu, na mimi ni mtu wa duka lililouza.

"Leta hicho kioo," Bi Zuwena akasema.

Kinamama wakanipisha. Nikamwekea lenzi jichoni, nikamshikia sarafu moja iliyosuguliwa, upande wenye mwanamke aliyeshika tawi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ipo," akasema.

"Ipo nini, mama?" Bi Shuweikha akauliza.

"Fedha. Ipo mikunjoni mwa nguo ya huyu mwanamke. Na hapa, kwapani. Kidole chako hakikufika." Akaomba ya pili, akaomba ya tatu. Kila moja ilikuwa imebakiwa na fedha, kwenye matundu ya herufi, kwenye mikunjo, chini ya kidevu cha mfalme. Kisha akamtazama swala, na mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Akanigeukia. "Na watu wao, waliokuwa wakizitumia. Walijua?"

"Walijua, Bibi. Kila mtu sokoni alijua. Lakini ndiyo iliyokuwepo."

"Ndiyo iliyokuwepo," akarudia polepole. Halafu akanyoosha mkono. "Shuweikha. Tangu lini wanitaka nikupe bangili hizi uzisugue?"

"Tangu sijavunja ungo, mama."

"Na hukwambia nini?"

"Kuwa mkono umevimba, hazitoki."

Bi Zuwena akazivua. Zilitoka bila taabu yoyote, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye sinia pembeni mwa sarafu.

"Baba yako alinitolea hizi mahari kule Unguja, miaka ya foleni," akasema. "Unga wenyewe tulikuwa tukiupangia foleni tangu alfajiri, seuze fedha. Kwenda kwa sonara, sonara naye hana kitu, kampigia shaba, kaipaka fedha juu. Akaja nazo akitetemeka, maskini. Nilijua siku ile ile. Nilisikia harufu ya shaba nilipozivaa. Sikusema. Nikaapa hazitaguswa na ukwaju maadamu ni hai, asije akaaibika mbele ya watu. Hazijatoka mkononi mwangu ila nilipokwenda kujifungua, maana hospitali walikataa. Akafa hajui kama najua." Akamtazama Salha. "Huyu wako kakwambia kabla. Basi kamshinda babu yako, Mungu amrehemu. Harusi Ijumaa. Na Shuweikha, hebu ondoa hilo bakuli la ukwaju mbele ya wageni."

Sijui nani aliyepiga kigelegele cha kwanza, ila cha mwisho kilikuwa changu, nami ni Mbondei, sikulelewa kimya. Bi Shuweikha alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, amembusu mama yake mikono yote miwili. Kule majlisi wanaume walisikia wakajua. Nassor alituletea halua mlangoni, nami nikaipokea. Tulipokuwa tukirudi Mzee Kaitano aliniuliza nimesema nini huko ndani. Nikamwambia sikusema kitu cha maana, bibi ndiye aliyesema. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Ndiyo kazi," akasema. "Sisi tunaondoa udongo tu."

Harusini walitupa viti vya mbele. Ndugu mmoja wa Salha aliniuliza kama swala anaweza kutobolewa awe kidani. Nikamwambia anitoboe mimi kwanza.

Miaka imepita juu ya hayo. Mzee Kaitano alistaafu akaenda kuishi kwa binti yake, na kila Jumapili ananitumia ujumbe wa sauti kwa simu kuniuliza habari za Waroma wetu, kana kwamba ni majirani. Nilihamia International City, nikazoea basi la kwenda metro, nikawafundisha nyinyi kutazama kabla ya kugusa. Bi Zuwena alifariki mwaka jana, akiwa amewaona watoto wawili wa Salha.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mkikumbuka, aliingia dukani Bi Shuweikha. Njeri alimfungulia mlango. Mkono mmoja alikuwa na chupa kubwa ya maji ya ukwaju. "Wa kunywa!" alisema kabla hajasalimia. Mkono wa pili alikuwa na kitambaa cha pamba, na ndani yake bangili nne nyeusi. Mama yake alikuwa amemwachia yeye.

"Usizisugue," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mwenye tabia hiyo. "Nataka uziangalie tu. Nataka kujua zimebakiwa na fedha kiasi gani, kabla sijaanza kuzivaa. Zisije zikaishia mkononi mwangu."

Nikaweka ya kwanza chini ya darubini. Nilitazamia kuona kile nilichozoea, ngozi moja nyembamba na shaba chini yake. Ukingoni, mahali palipolika kwa kugusana na mwenzake, hapakuwa na ngozi moja. Juu ya shaba palikuwa na fedha nyembamba sana, kisha mstari mweusi, kisha fedha nene, mstari mweusi, fedha, mstari, fedha tena. Zimepandana kama maganda ya kitunguu. Nikaangalia ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa vilevile.

"Bi Shuweikha," nikasema, "nyinyi mko wangapi kwa mama yenu?"

"Tulikuwa watatu. Kwani?"

Nikampisha kwenye kiti, nikamwonyesha. Ile ya chini kabisa, nyembamba, ni ya miaka ya foleni. Juu yake fedha imeongezwa mara tatu, kila mara nene kuliko ya kwanza. "Kabla ya siku ile ya sinia, mama yako alizivua mara tatu tu," nikasema. "Kila alipolazwa kujifungua, baba yako alizipeleka kwa sonara. Alikuwa akirudisha kidogo kidogo ile aliyopungukiwa, kisha zikatiwa weusi upya, mama yako asijue. Naye hakusema."

Alibaki ameinamia darubini, mabega yanacheza. Nilidhani analia. Akainua uso, na kigelegele alichokipiga katika chumba kile kilitingisha miiba ndani ya kopo. Arbab akaja mbio, ghutra, kitambaa chake cha kichwani, imemkaa upande. "Shu sayir? Agnes, shu sayir?" akauliza kwa Kiarabu chake, kumetokea nini.

"Ni harusi, sir," Njeri akamjibu, anajifuta macho. "Ya zamani kidogo."

Nikaziosha bangili kwa maji ya betri, nikazikausha kwa pamba, nikamrudishia mwenyewe zikiwa nyeusi vilevile.